Mwalimu Anajibu: Vita vya Ukraine na daraja la Malaba

SWALI: Mwalimu, hujambo. Nina duka Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, na nusu ya ukoo wetu iko Tororo, upande wa Uganda. Shemeji yangu, dereva wa trela, ashikilia kwamba vita vya Ukraine ni vya Wazungu, havituhusu, na kwamba NATO, muungano wa kijeshi wa nchi za Magharibi, ndiyo iliyomchokoza Mrusi. Mimi nikamtajia bei ya mbolea, akacheka. Nani kati yetu ana haki? – Mama Duka, Malaba

JIBU: Sijambo, Mama Duka. Shemeji hajakosea kote. NATO imekuwa ikisogea mashariki tangu 1999, na Moscow haikuacha kunung'unika. Lakini Finland, yenye mpaka wa kilomita 1,300 na ushei na Urusi, ilikuwa imekaa kando miaka yote hiyo. Vita vikaanza Februari 24, 2022. Aprili 2023 Finland ikaingia NATO, Sweden ikafuata Machi 2024. Mrusi kajiletea mwenyewe alichokuwa akikikimbia.

Siku ya pili ya vita, nchi 11 kwenye Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa ziliunga mkono azimio la kuishutumu Urusi. Urusi ikalizima kwa kura ya turufu, kura yake moja inayotosha kuua azimio. Wahenga walitaja kesi ya ngedere kupelekwa kwa nyani. Hii ngedere kajiamulia mwenyewe!

Sasa hilo la kutotuhusu. Siku tatu kabla ya vita, Martin Kimani, aliyekuwa balozi wa Kenya katika Umoja wa Mataifa, aliliambia baraza hilo kwamba mipaka ya Afrika ilichorwa London, Paris na Lisbon, na lau tungetaka kila kabila na nchi yake, tungekuwa tunapigana hadi leo. Nilimsikiliza nikiwa hapa Kisumu, nikakumbuka tulivyomvusha mpaka wa Malaba marehemu shangazi ya mke wangu, Mteso kama wewe, kabila lililogawanywa na mpaka huo: jeneza ndani ya pikapu, tumepanga foleni nyuma ya trela za simenti. Mpaka ule unaudhi. Ila kuusogeza kwa vifaru? Hapana.

Machi 2, 2022, kwenye Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi 141 zilizoitaka Urusi iondoke Ukraine. Uganda haikuegemea upande wowote, Tanzania vilevile. Kwa hiyo hata daraja lenu lilikuwa na kura mbili.

Mbolea umeshinda. Urusi ni muuzaji mkubwa mno wa mbolea duniani, na mwaka huo mfuko wa DAP, mbolea ya kupandia, wa kilo 50 ulipita shilingi 6,000 kabla serikali haijaushusha hadi 3,500. Shemeji akicheka tena, muulize ngano anayoivusha kwenda Kampala ilitoka wapi kabla ya kushukia Mombasa.