Miche Haipandwi Juni: Majibu kwa Wasomaji wa Kigoma Wanaotaka Kujitolea

SWALI: Shikamooni. Sisi ni wanafunzi 24 wa kidato cha nne, Kasulu. Chemchemi ya kijiji chetu imeanza kukauka na tumepanga kupanda miti 500. Wenzetu walipanda likizo ya Juni, ikafa yote. Tufanyeje? – Katibu wa klabu ya mazingira

JIBU: Marahaba. Wenzenu hawakukosa bidii, walikosea mwezi. Mvua za Kigoma huanza Oktoba au Novemba na kuisha Aprili au Mei. Mche wa Juni unakaa miezi minne bila mvua, na juani unahitaji maji ambayo hakuna atakayeyabeba kila siku. Nyinyi mna bahati: mtihani wenu unaisha Novemba, na wiki mbili za kwanza za Desemba ndizo za kupandia. Msichelewe hadi Januari, maana mvua huweza kupumzika kati ya Januari na Februari, na mche ambao mizizi yake haijashika ndio unaoondoka.

Kabla ya jembe, ianze barua kwa mtendaji wa kijiji, halmashauri ya kijiji ikae, na mpewe nakala ya muhtasari. Eneo la chemchemi lina mashamba ya watu. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli zenye madhara ndani ya mita 60 za kingo za mto au ziwa, lakini hiyo haiwapi nyinyi ruhusa ya kwenda kung'oa mihogo ya mtu. Kijiji kizungumze naye kwanza. Ofisi ya Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Tanganyika iko Kigoma mjini; ipelekeeni nakala ya barua.

Hesabu: miche 500 kwa nafasi ya mita 4 kwa 4 inataka mita za mraba 8,000, yaani karibu eka mbili. Mikaratusi isisogee hapo, inakunywa mno. Tafuteni mikuyu na miti mingine ya asili mnayoiona ikiota yenyewe kwenye mabonde ya kwenu. Agizeni miche 550, ile 50 ya ziada ikae kitaluni kivulini kwa ajili ya kujazia itakayokufa.

Shimo liwe na upana na kina cha sentimita 45. Udongo mweusi wa juu uwekeni upande mmoja, mwekundu wa chini upande mwingine. Mweusi uchanganywe na samadi iliyooza, urudi shimoni kwanza. Samadi mbichi inaunguza mizizi. Mtu mmoja akichimba mashimo 10 kwa siku, nyinyi 24 mnamaliza kwa siku mbili na ushee. Kisha kazi inayoharibiwa zaidi: kiriba, yaani mfuko wa nailoni ulioushika mche. Kichaneni kwa wembe upande mmoja na kukitoa chote, huku donge la udongo mmelishika kwa viganja viwili lisibomoke. Wapo wanaozika mche na kiriba chake ili wamalize haraka. Mizizi inazunguka ndani ya nailoni kama kamba kwenye ndoo, na mwaka wa pili mti unadumaa. Shingo ya mche ilingane na uso wa ardhi, mshindilie kwa kisigino, basi. Matandazo ya nyasi yakae mbali na shina kiasi cha kiganja, la sivyo mnawaalika mchwa.

Palilieni duara la mita moja Februari na tena Mei, na kabla ya Juni mkate kinga moto, yaani ukanda uliofyekwa nyasi zote, kuzunguka eneo lote. Julai wengi wenu mtakuwa kidato cha tano, mbali. Kwa hiyo kabidhini miche kwa shule ya msingi iliyo jirani sasa hivi, kila darasa safu yake, na kijiji kiandike faini ya mbuzi anayeonekana humo. Bila hiyo faini, mbuzi watawashinda.

SWALI: Nimemaliza kidato cha sita. Naweza kwenda kufundisha kwenye kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kwa kujitolea? – Kijana, Kibondo

JIBU: Huingii kambini bila kibali cha Wizara ya Mambo ya Ndani, na mara nyingi njia ni kupitia shirika linalofanya kazi humo. Ujue pia kwamba watoto wa Kikongo husoma mtaala wa kwao, kwa Kifaransa. Kama hukijui, utakaa tu. Afadhali ujitolee nyumbani: darasa la saba wa kijijini kwako wanafanya mtihani Septemba. Toka Juni una wiki kumi na mbili hivi, iwapo Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) halijakuita. Mwombe mwalimu mkuu watoto sita sita, dakika 45, hesabu tu. Mlango ubaki wazi, na usifundishe mtoto mmoja peke yake.

SWALI: Binti yangu, miaka 20, ametumiwa ujumbe wa WhatsApp kuwa amechaguliwa kujitolea Ujerumani. Wanataka shilingi 850,000 za viza ndani ya siku tatu. – Mama, Ujiji

JIBU: Mama, usitume. Viza hutolewa na ubalozi, hakuna wakala anayeweza kuiahidi, na haraka ya siku tatu ni ya kukuzuia usiulize. Njia halali zipo. Mpango wa Ujerumani uitwao weltwärts, ulioanza 2008, hupokea pia vijana wa nchi zetu wenye miaka 18 hadi 28. Anayekaa mwaka mzima hupata siku 25 za semina. Umoja wa Mataifa nao una mpango wake wa kujitolea, makao yake Bonn, na hautozi ada hatua yoyote.

Akipata nafasi ya kweli, mkataba uwe mkononi kabla ya pasipoti kwenda ubalozini. Uonyeshe nani analipa tiketi, bima, malazi na posho, na tiketi ya kurudi. Chanjo ya homa ya manjano ikihitajika, cheti huanza kutumika siku 10 baada ya sindano, na tangu 2016 ni cha maisha. Pasipoti asimwachie mwenyeji wake "kwa usalama".

SWALI: Wanafunzi 15 wa Ulaya watakuja kijijini kwetu Uvinza wiki mbili kujenga darasa. Tujiandaeje? – Mjumbe wa kamati ya shule

JIBU: Viza ya utalii haimruhusu mgeni kufanya kazi, hata ya bure. Wanaowaleta waulize Uhamiaji mapema. Kibali cha ukaazi daraja C ndicho kinachogusa wanaojitolea.

Halafu msiwape mwiko wa kujengea. Wawe saidia fundi. Kuta zao hupinda, na fundi wenu hubomoa usiku kimyakimya wasione aibu. Kazi yao iwe kuteka maji, kuchekecha mchanga na kuloweka matofali ya kuchoma, kwa sababu tofali kavu hunyonya maji ya udongo wa saruji na kiungo hubaki unga. Kipimo cha kujengea ni mfuko mmoja wa kilo 50 kwa ndoo 10 za lita 20 za mchanga. Mchanganyiko utumike ndani ya saa moja. Ukianza kukakamaa usiongezwe maji, utupwe.

Ukuta unamwagiliwa siku 7. Kozi za mwisho zikijengwa siku ya 13, wageni wanaondoka kesho yake. Pangeni leo nani atashika ndoo wiki inayofuata, na pesa ya fundi wa kupaua iwe benki kabla hawajafika.