Paka wa miezi mitano: nimfunge kizazi sasa au azae kwanza?

Dada wa Sinza, jirani anakwambia umwache azae mara moja ndipo umfunge kizazi. Usimsikilize. Kuzaa kwanza hakumwongezei afya, na paka jike anaweza kushika mimba akiwa na miezi minne tu. Huku kwetu Dar urefu wa mchana haubadiliki sana mwaka mzima, kwa hiyo paka hawana msimu wa kupandana. Madume wa mtaani wako tayari muda wote, na ukuta si kitu kwao.

Ukimwona anajibiringisha sakafuni, analia usiku kucha, ukimpapasa mgongo anainua makalio, ujue yuko kwenye joto, yaani anataka dume. Mfungie ndani, umpigie daktari wa mifugo. Madaktari wengi husubiri joto lipite ndipo wamfunge, maana akipasuliwa akiwa kwenye joto damu hutoka zaidi.

Uliza kabisa kama bei ina dawa ya maumivu, na mwisho wa kumlisha kabla ya upasuaji ni saa ngapi. Akirudi nyumbani asilambe kidonda. Kikivimba au kutoa usaha, au akigoma kula siku nzima, mrudishe haraka. Na Panadol usimpe hata kipande, inaua paka.