Mliobadilishiwa madirisha Ujerumani, someni hii kabla baridi haijakaza

Fleti yetu ya Leipzig ilikuwa na madirisha ya mbao ya kizamani, upepo ukivuma pazia linacheza na dirisha limefungwa. Mwenye nyumba akabadilisha yote akaweka mapya ya vioo viwili yenye mpira, ukuta wa nje akauacha vilevile, bili ya hita ikashuka tukafurahi sana.

Januari nikasogeza kabati nitoe begi la kanga, nikakuta ukuta una madoa meusi kuanzia sakafuni mpaka magotini, begi limenata unyevu, kanga zinanuka fangasi, na mtoto alikuwa na wiki ya tatu anakohoa usiku. Roho iliniuma jamani.

Kumbe zamani mvuke wa ndani ulikuwa unatoka nje kupitia nyufa za madirisha ya zamani, na uliobaki unageuka maji kwenye kioo maana ndo kilikuwa cha baridi kuliko vyote, unauona unaufuta. Sasa kioo kina joto kuliko ukuta, kwa hiyo maji yanaenda ukutani nyuma ya kabati ambako hamna anayeangalia. Na sisi tunachemsha maharage masaa mawili, nguo tunaanika sebuleni, watu watatu tunalala chumba kimoja mlango umefungwa!

Nikanunua kipimo cha hewa ukaa. Asubuhi kikasoma 2,400 ppm (sehemu kwa kila milioni ya hewa), wakati nje ni kama 420, na huku Ujerumani tangu mwanasayansi wa afya Pettenkofer wa Munich mwaka 1858 wanasema ndani isipite 1,000. Ndo maana tulikuwa tunaamka vichwa vizito.

Sasa fanyeni hivi. Fungua madirisha ya pande mbili wazi kabisa, dakika tano mpaka kumi, asubuhi, jioni na baada ya kupika, hita ukiwa umezima. Usiliache dirisha limeinamishwa kidogo tu kwa juu siku nzima, hapo unapoza ukuta wa pembeni na fangasi inapata makazi. Hewa ikishabadilika chumba kinarudi joto upesi sababu kuta bado zina moto wake, msiogope bili. Kabati liache nafasi ya kiganja kutoka ukutani.

Na mwenye nyumba akikwambia kosa ni lako hufungui madirisha, muulize kwa upole Lüftungskonzept, yaani mpango wa kuingiza na kutoa hewa, iko wapi, maana DIN 1946-6, kiwango cha Kijerumani cha hewa ya nyumba, inataka mpango huo ikiwa zaidi ya theluthi moja ya madirisha ya fleti yamebadilishwa. Muulize kwa barua, nakala ubaki nayo, na picha za ukuta piga kabla hujausafisha.