Upepo wa ubavuni: pua au bawa?

Ndugu, umeuliza kwa ndege ndogo ya Cessna 172 ipi bora wakati wa kutua upepo ukipiga ubavuni: kuja pua imeelekezwa kwenye upepo, au kulaza bawa tangu mbali. Zitumie zote mbili. Ukiwa njiani kuja kutua, elekeza pua kwenye upepo, abiria wanakaa wima. Ukikaribia kugusa, nyoosha pua ifuate njia ya kutulia kwa pedali za miguuni, na ulaze bawa la upande wa upepo. Gurudumu la upande huo litangulie. Ukigusa pua ikiwa bado imepinda, magurudumu yanasukumwa kiubavu, na hapo ndipo penye hatari kubwa. Ukishatua usiachie usukani, endelea kuugeuzia upepo hadi ndege ipungue mwendo kabisa. Pedali ikifika mwisho na pua haijanyooka, upepo umezidi: ongeza nguvu ya injini, paa tena.