Anti, sungura wangu kazaa halafu hakai na watoto

SWALI: Shikamoo anti. Mi ni mama wa watoto wawili, nipo Kirumba, Mwanza, nauza dagaa. Mwanangu mkubwa ana miaka 9, alinisumbua weee mpaka nikamnunulia sungura dume na jike, nikajua ni wa kuchezea tu, sasa juzi jike kazaa watoto sita kwenye boksi. Anti tangu azae anakaa kona ya pili anakula matembele yake, asubuhi mpaka usiku hawasogelei, mwanangu analia anasema mama yao hawapendi. Jirani kasema niwatoe niwanyweshe maziwa ya ng'ombe kwa bomba la sindano. Halafu kuna kingine kimenichoma, mama mkwe amekuja kukaa kwetu, kamwona huyo sungura akacheka akasema kafanana na mwenye nyumba, maana mi natoka saa kumi alfajiri kuwahi mitumbwi Mwaloni, watoto anawaamsha jirani. Nifanyeje? – Mama Wawili

JIBU: Marahaba mwanangu. Tuanze na sungura, yeye ndo hawezi kusubiri, mama mkwe tutamkuta tu.

Hajawatupa. Sungura ndo alivyo, ananyonyesha mara moja kwa siku, ikizidi sana mbili, tena dakika tatu nne kamaliza, na mara nyingi ni usiku au alfajiri, yaani wewe uko Mwaloni unagombania ndoo na mwanao bado anakoroma, nani atamwona? Huko porini akishinda kiotani harufu yake inawaita maadui, kwaiyo kukaa mbali ndo ulinzi wenyewe. Na hayo manyoya uliyoyakuta kwenye boksi unadhani yametoka wapi, kajinyonyoa tumboni mwake.

Wewe angalia matumbo. Ukirudi asubuhi ingiza mkono taratibu, ukikuta tumbo limejaa kama puto na wametulia, wamenyonya. Ngozi ikiwa imekunjamana na wanahangaika, hapo kweli kuna shida. Kuwagusa hakuna neno kama mama yao amekuzoea, ila nawa kwanza mwanangu, usimpelekee harufu ya dagaa. Maziwa ya ng'ombe achana nayo, ya sungura ni mazito, mafuta yake karibu mara tatu, na hiyo sindano ukikosea kidogo tu wanapaliwa wanakufa. Dume mtoe leo leo! Jike anaweza kushika mimba siku ileile aliyozaa, na mimba ni siku 31 tu, utajikuta na sita wengine hata hawa hawajatulia.

Mi nilifuga zamani Mabatini, banda limeegemea jiwe. Asubuhi moja nikakuta kitoto kimoja kiko nje ya kiota, nadhani kilining'inia kwenye chuchu mama alivyotoka kikadondoka, na sungura hajui kubeba mtoto kwa mdomo kama paka, akidondoka kadondoka. Kilikuwa cha baridi kama kokoto la ziwani. Nilitaka kukitupa, mtoto wa jirani akaninyang'anya akakitia ndani ya shati kifuani, akakaa nacho zaidi ya nusu saa hataki hata chai, mara akapiga kelele anti kinanitekenya. Tukakirudisha katikati ya wenzake. Ukiwatazama wakiwa wamerundikana, wa pembeni anachimba aingie kati, wa kati anasukumwa nje, wanazunguka hivyo usiku kucha na hakuna mwenye nafasi yake ya kudumu, ila akibaki mmoja peke yake, hata awe ameshiba, upepo wa ziwa ukipiga hafiki asubuhi. Basi toka siku ile tukagawana zamu, yeye anachungulia akienda shule, mi jioni.

Haya, mama mkwe. Watoto wako wanaamka, wanapewa uji, wanaenda shule, na hela ya uji imetoka kwenye hiyo saa kumi yako. Sasa aliyetelekezwa hapo ni nani mbona simwoni? Ila usiende kumjibu, we mpe kazi. Wazee usingizi unawaisha mapema, mwambie mama naomba ukiamka alfajiri unichungulilie hao sungura, taa usiwashe, kaa kimya tu. Siku moja atamwona jike anaruka ndani ya boksi, dakika tatu, anatoka zake. Atakayosema hapo yatakuwa ya kwake mwenyewe.

Jirani naye usimtumie bure, nusu sado ya dagaa haikufilisi. Na zile siku za mbalamwezi, mitumbwi ya dagaa haiendi, usitafute kazi nyingine, lala mpaka watoto wakuamshe wao.

Macho yanafunguka siku ya kumi hadi ya kumi na mbili, mwanao aanze kuhesabu kwenye kalenda, na boksi lisikae chini ya bati kavu mchana, joto la Mwanza unalijua. Niandikie wamebaki wangapi.