Kuvuka Sikukuu Bila Tone

Barua za msimu huu zimetoka kwa watu wa aina mbili: walioacha pombe na wanaogopa kurudia, na wale wanaoishi nao. Tumechagua sita. Anayekunywa kila siku na anataka kuacha sasa hivi aanze na swali la nne. Mengine yanaweza kusubiri.

Swali: Nina miezi mitano sijaonja pombe. Mbele yangu kuna sherehe ya ofisini, harusi ya binamu na mkusanyiko wa familia. Zote siwezi kuzikwepa. Nijipange vipi?

Tuanze na hilo la kutoweza kukwepa. Harusi ya binamu, sawa. Lakini ya ofisini, ikipita wiki mbili hakuna atakayekumbuka nani hakufika. Katika mwaka wa kwanza, neno "sitaweza kuja" ni dawa halali. Zipunguze sherehe ziwe mbili kwanza, ndipo tupange.

Sehemu kubwa ya kazi hufanyika kabla hujatoka nyumbani. Kula mlo kamili saa moja kabla, wenye mayai, samaki, maharage au nyama; vitafunio havitoshi. Njaa huleta wasiwasi, mikono kukosa nguvu na hasira za haraka, na aliyezoea pombe huzisoma dalili hizo kuwa kiu ya pombe. Kisha hakikisha usafiri wa kurudi uko mikononi mwako. Mtego unaonasa watu ni kumsubiri mwenye gari aliyeanza kusema "dakika kumi tu" tangu saa tatu usiku. Mweleze pia mtu mmoja anayeijua hali yako saa utakayofika na saa utakayoondoka, naye akupigie usipomtafuta.

Wengi hushauri kuchelewa kufika. Sisi tunaona ni kosa. Mwanzoni watu bado wana akili zao, salamu zinapokewa vizuri, na saa moja na nusu inakutosha kuonekana na kila anayehusika. Ukiingia usiku umeshakolea, wa kwanza kukulaki ana glasi mbili, na moja ni yako.

Ukifika, jimiminie kinywaji chako mwenyewe kabla hujakaa. Mwenye glasi mkononi haulizwi anywe nini. Ukiiacha mezani ukaenda kucheza, usiirudie, chukua nyingine: pombe kali isiyo na rangi ikichanganywa na soda haionekani kwa macho.

Kwa anayekushawishi, jibu ni "Asante, nina changu." Liishie hapo. Sababu ndefu huzaa mjadala. Ukisema unatumia dawa utaulizwa dawa gani. Ukisema unaendesha utaambiwa dereva yupo. Akirudia mara ya tatu, usijibu. Nenda msalani, ukitoka kaa upande mwingine. Na ulizoee jibu hilo kwa sauti ukiwa peke yako nyumbani. Maneno ambayo hayajawahi kutoka mdomoni hukwama siku ya haja.

Swali: Hamu hunijia ghafla jioni, hata nikiwa nyumbani. Nifanye nini dakika ile ile?

Hamu hupanda, hufika kilele, hushuka. Kwa kawaida wimbi lake kali huisha ndani ya dakika 20 hadi 30, hata kama hujanywa. Mwanasaikolojia Alan Marlatt wa Marekani alifundisha kuitazama ikipita badala ya kupigana nayo: iko wapi mwilini, kooni au kifuani? Inapanda au imeanza kulegea? Kubishana nayo ("sitakunywa, sitakunywa") huifanya pombe iendelee kukaa akilini.

Kwa vitendo: ondoka ulipokaa, nenda chumba kingine au nje. Kunywa glasi mbili za maji. Jiulize mambo manne: nina njaa? nina hasira? nina upweke? nimechoka? Mara nyingi mojawapo ndilo tatizo lenyewe, na kila moja lina tiba yake. Njaa, kula, na kama hamu huja kila siku saa ile ile, sogeza chakula nusu saa kabla yake, na mchana usikae zaidi ya muda wa saa nne bila kula. Uchovu, lala, hata kama ni saa mbili usiku na wageni wapo sebuleni. Hasira, tembea kwa kasi dakika 15 kabla ya kumjibu mtu yeyote, na ujumbe wa simu pia ni jibu.

Upweke ndio mgumu zaidi sikukuu. Alcoholics Anonymous, jumuiya ya watu wanaosaidiana kuacha pombe iliyoanzia Marekani mwaka 1935, ina vikundi vingi vinavyokutana hata siku zenyewe za sikukuu, na mikutano mingine iko kwenye intaneti usiku na mchana. Ulizia ratiba sasa. Hamu ikishapanda hutakuwa na subira ya kutafuta namba.

Kosa la kawaida hapa ni kuapa kwa ajili ya mwaka mzima. Ahadi ya dakika 20 inatosha. Zikiisha, toa nyingine.

Swali: Bia "isiyo na kilevi" inaruhusiwa? Na chakula kilichopikwa kwa mvinyo?

Soma lebo. Katika nchi nyingi kinywaji chenye hadi asilimia 0.5 ya kilevi huruhusiwa kuitwa hivyo; kilichoandikwa 0.0 ni kitu kingine. Lakini kwetu kiwango si hoja kubwa. Harufu, povu na umbo la chupa ni vichocheo ambavyo ubongo umejifunza kwa miaka. Kwa aliyekuwa akilewa bia, tunashauri aiache kabisa msimu huu, 0.0 ikiwemo. Aliyekuwa wa pombe kali tu huenda isimsumbue, ila sherehe si mahali pa kufanyia jaribio hilo.

Kuhusu chakula, imani kwamba moto humaliza kilevi chote si kweli. Vipimo vya Idara ya Kilimo ya Marekani vinaonyesha kwamba mvinyo ukichanganywa na kuchemshwa na chakula, baada ya dakika 15 hubaki takriban asilimia 40, baada ya saa moja asilimia 25, na baada ya saa mbili na nusu asilimia 5. Kile kinachowashwa moto mezani kwa mbwembwe hubakiwa na asilimia 75 hivi. Anayetumia disulfiramu, dawa ya kumzuia mtu asinywe pombe, asiguse vyote hivi, wala dawa ya kikohozi au ya kusukutulia mdomo yenye kilevi. Disulfiramu ikikutana na pombe, uso huwaka, moyo hukimbia, mtu hutapika na shinikizo la damu linaweza kushuka vibaya. Hali hiyo inaweza kutokea hata siku 14 baada ya kidonge cha mwisho.

Swali: Nakunywa karibu chupa nzima ya pombe kali kila siku. Asubuhi mikono hutetemeka mpaka nipige kidogo. Nataka kujifungia ndani likizo ikianza, niache ghafla. Ni sawa?

Hapana. Ndugu yetu, usijaribu peke yako. Mtetemeko wa asubuhi ni ishara kwamba mwili umeshaitegemea pombe. Pombe hutuliza neva. Ukinywa kila siku, ubongo hujichochea zaidi ili kufidia. Ukiiondoa kwa mkupuo, uchochezi ule unabaki bila kitu cha kuuzuia.

Kati ya saa 6 na 24 baada ya kinywaji cha mwisho huja mtetemeko, jasho, kichefuchefu na moyo kwenda mbio. Kifafa kinaweza kutokea kati ya saa 6 na 48, hata kwa ambaye hajawahi kuugua kifafa. Hatari kubwa zaidi ni kuweweseka kunakoanza kwa kawaida siku ya pili hadi ya nne: mtu huchanganyikiwa, huona visivyokuwepo, joto na shinikizo la damu hupanda. Hali hiyo inaweza kuua isipotibiwa. Angalia ilivyo ya hila: siku ya kwanza unaweza kuona umeshinda, ukamrudisha nyumbani aliyekuja kukuangalia.

Hospitali hutumia dawa za kutuliza za kundi la benzodiazepini kwa dozi zinazopunguzwa siku hadi siku, pamoja na vitamini B1, maana upungufu wake huweza kuharibu kumbukumbu moja kwa moja. Usinunue dawa hizo kujitibu mwenyewe. Zikikutana na pombe zinaweza kuzima pumzi. Nenda wiki hii, kabla watumishi hawajaenda likizo. Mweleze daktari kiasi halisi, saa uliyokunywa mara ya mwisho, na kama uliwahi kuanguka kifafa. Ukipunguza idadi kwa aibu, naye atakadiria dozi pungufu. Mpaka umwone, usikate ghafla wala usiongeze. Ukishaacha na tayari umetokewa na kifafa, kuchanganyikiwa au homa, hiyo ni dharura ya saa ile ile.

Baadaye muulize kuhusu naltreksoni, inayopunguza raha ya pombe (haifai kwa anayetumia dawa za maumivu za jamii ya afyuni), na akamprosati, inayosaidia kutuliza hamu lakini huhitaji figo zipimwe kwanza.

Swali: Tangu niache, usingizi wangu ni wa mang'amung'amu. Rafiki ananiambia glasi moja itanilaza.

Itakulaza, kisha itakuamsha saa tisa usiku. Pombe huvuruga usingizi wa ndoto na nusu ya pili ya usiku. Usingizi wa aliyeacha huweza kuyumba kwa wiki kadhaa, hata miezi, kisha hutengemaa. Amka saa ile ile kila siku, sikukuu ikiwemo. Kahawa iishe saa sita mchana: nusu ya kafeini huwa bado mwilini saa tano hivi baadaye. Fanya mazoezi dakika 30, siku tano kwa wiki, yasiwe usiku wa manane.

Swali: Mume wangu ana miezi minane bila pombe, na wageni wake watakuja na chupa. Mama mkwe ananishauri nimtilie mume wangu disulfiramu kwenye chakula kwa siri. Nifanyeje?

Dada yetu, hilo la siri likatae, kwa adabu zote kwa mama. Asiyejua kuwa amepewa dawa hawezi kujihadhari, na akinywa anaweza kufa mikononi mwenu. Hata anayeikubali kwa hiari huanza baada ya kukaa angalau muda wa saa 12 bila pombe, akiwa amepimwa moyo na ini.

La wageni linawezekana. Mwachie yeye aamue kama nyumba iwe bila pombe kabisa, kisha uwapigie simu mapema, sentensi moja: "Mwaka huu hapa hatunywi, karibuni sana." Wakija na chupa, zibaki kwenye magari yao.

Akiteleza, usiku huo usimhutubie. Mwili uliopumzika miezi minane hauhimili kipimo cha zamani, kwa hiyo mlaze ubavu na umwangalie pumzi. Asipoamka ukimtikisa, mpeleke hospitali. Kesho yake jambo la hatari zaidi ni wazo la "nimeshaharibu, basi ninywe mpaka sikukuu ziishe." Ampigie mshauri wake au mwenzake wa kikundi kabla ya saa sita mchana, akubali kuambatana na mtu jioni hiyo, na chupa iliyobaki wewe uimwage sinki huku maji yakitiririka, si kuificha kabatini.