Usiogope kitengo cha viziwi, watakupa jina

Mdogo wangu, umeuliza utaishije wiki nane za mazoezi ya kufundisha kwenye kitengo cha viziwi hapa Dodoma, na Lugha ya Alama umeisoma muhula mmoja tu. Utaishi vizuri, ila andaa moyo wa kuchekwa.

Mimi siku ya kwanza nilisimama mbele kwa mbwembwe, nikajitambulisha kwa alama, herufi moja moja. Watoto wakatazamana. Binti mmoja wa dawati la mbele akapitisha kiganja kuanzia kwenye nyusi hadi utosini, darasa zima likaangua kicheko. Ndilo likawa jina langu la alama: Kipara. Hadi leo nikikutana nao stendi ya Nanenane, kiganja kinapanda kichwani. Wala si tusi. Viziwi mara nyingi humpa mtu jina kwa kile kinachoonekana kwake, na ukishapewa ujue umepokelewa.

Usiongee ukiwa umegeukia ubao, hapo unaongea na chaki. Simama mwanga ukupige usoni, dirisha lisiwe mgongoni kwako. Ukitaka wakutazame, punga mkono, au zima na kuwasha taa. Kupiga mguu chini kunafaa kwenye mbao. Kwenye sakafu ya zege nilipiga mpaka kisigino kikauma, hakuna aliyegeuka.

Na hesabu za kutoa usifundishe kwa karanga. Nilianza na 20, kufika katikati ya kipindi zimebaki 3. Kutoa walikuwa wameshaelewa, tena bila mimi.